Kabla Mguu Haujagusa Sakafu

Efrata, 9 Septemba 1999

Mdogo wangu mpendwa Neola,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Ukitaka kujua hali yangu, naamka, nakula kidogo, na moyo unapiga kwa vipindi kama jenereta ya kijiji. Miguu imejaa maji. Daktari wa Bluefields alinibonyeza juu ya kifundo, shimo likabaki pale pale kama kidole kwenye unga uliokandwa, akaniambia nisipande ngazi. Nikamwuliza, "Ngazi za wapi, daktari? Za mbinguni?" Hakucheka. Ni kijana wa mji mkuu, Managua, utani wetu wa pwani haujui.

Nyumbani hapajaharibika. Dulcina wa jirani ananipikia, na kila siku ananisema kwamba sili. Mshelisheli wa Mama umezaa mpaka matawi yanagusa uzio. Upande wa jikoni tumebadilisha paa, kwa hiyo mvua ya mwaka huu tumeisikia tu, haijatulowesha.

Sasa nikwambie kilichonikalisha mezani. Natakiwa kumaliza habari za maisha yangu. Unakumbuka utaratibu wetu: kila Mmoravian wa Efrata huandika mwenyewe safari yake, na akishakufa, ndugu wa damu huongeza ukurasa wa mwisho, namna alivyoondoka, kisha husimama mbele ya ushirika akasoma yote kabla jeneza halijatoka kanisani. Mama alimwandikia Bibi. Mimi nilimwandikia Mama. Wa kuniandikia mimi ni wewe. Nimehesabu jamaa zetu, Neola, na wote ninaowapata wako makaburini tayari.

Mchungaji Rendell anataka kuyachapa yawe kijitabu cha vijana, kitoke Pasaka. Aliniambia, "Mwalimu, watu wa hapa wanasema wewe ndiye mtu pekee mwenye furaha ambaye wamewahi kumwona kwa macho." Nilijifanya sikusikia, ili aseme tena. Anataka hasa zile desturi zangu, zile nilizowafundisha wasichana wa darasa la Jumapili ambao leo ni mabibi: kabla mguu haujagusa sakafu, taja jambo moja la kushukuru. Kisha usome neno la siku, uimbe ubeti mmoja hata kama koo limekauka, utandike kitanda, na kabla ya adhuhuri umpelekee mtu kitu, hata kama ni shelisheli moja. Hayo tu. Nimeyashika tangu nina umri wa miaka ishirini, na sijawahi kuamka mtu wa huzuni. Nasema hivi bila majivuno, au kwa majivuno kidogo ambayo Bwana ameyazoea.

Njoo kabla ya Pasaka. Tangu mwaka wa kimbunga hujakanyaga huku. Wafu wetu bado wanalazwa kwa zamu ya kufa, wanawake upande wao. Ukirudi mapema, pengine mimi na wewe tutalala jirani.

Dada yako,
Arvilla


Efrata, 21 Oktoba 1999

Mdogo wangu Neola,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Ile ya kwanza nilimpa mke wa nahodha wa boti ya Bluefields, na yeye ni mtu wa kusahau, kwa hiyo nadhani bado iko kwenye mkoba wake pamoja na vitambaa vya watu.

Mimi sasa nalala nimeegemea mito, nikijilaza chali maji yananipanda kifuani. Dulcina amenitengenezea bami, ule mkate wa muhogo, nikala kipande. Amefurahi kama amefufua maiti.

Kama hukuipata ile ya kwanza, nakuomba uje kabla ya Pasaka unimalizie habari za maisha yangu, ndiyo shida yenyewe. Na ili uone kwamba sikukusahau humo ndani, nimekunakilia ukurasa mmoja, wa asubuhi ya Orlin, maana ndio watu wanaoupenda kuliko zote. Mchungaji anasema vijana walipousikia hakuna aliyekohoa:

"Maji yalipotulia tulimzika Orlin, mtoto wa pekee wa mdogo wangu. Kesho yake niliingia chumbani alimolala mama yake, nikakaa kitandani, nikamwomba ataje jambo moja la kushukuru kabla mguu wake haujagusa sakafu. Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, 'Nashukuru kwa miaka yote niliyopewa naye.' Mguu wake ukagusa sakafu, nami nikajua kwamba furaha ya Bwana haiwezi kuzamishwa na maji."

Niambie kama umeupenda.

Dada yako,
Arvilla


Puerto Limón, 17 Novemba 1999

Dada Arvilla,

Salamu. Mimi mzima. Barua zako zote mbili zimefika. Ya kwanza ilifika Septemba ile ile. Usimlaumu mke wa nahodha.

Huku ng'ambo ya mpaka naendelea kushona sare za shule. Macho yamepungua, sindano naitunga kwa kubahatisha. Mama mwenye nyumba ana kasuku anayetukana kwa Kihispania kuanzia alfajiri, na huyo ndiye ninayezungumza naye zaidi. Yeye hanitaki nishukuru kitu.

Ukurasa wako nimeusoma. Haukuwa mpya kwangu. Miaka mitatu iliyopita mwanamke mmoja wa huko kwetu alihamia hapa. Siku ya kwanza alipohudhuria ibada alinifuata nje, akanishika mikono yote miwili, machozi yamemjaa.

"Wewe ndiye Neola? Neola wa Mwalimu Arvilla?"

"Ndiye mimi."

"Yule aliyeshukuru?"

Nikamwuliza, "Nilishukuru nini, mama?"

Akanieleza. Aliyajua maneno yangu kwa moyo, kama mtoto anavyojua majibu ya kipaimara. Akaniambia mtoto wake alifariki kwa homa, na kila asubuhi alijilazimisha kuyasema maneno ya Neola kabla hajashuka kitandani, na hayakutoka. Hata mara moja. Akajiona ana imani haba, maana Neola aliweza. Alikuwa amekonda, Dada. Alikuja kuniuliza niliwezaje.

Nilimwangalia yule mtu anayejilaumu kwa kushindwa kuwa mimi, na mimi mwenyewe sikuwahi kuwa huyo mtu. Nikamwambia nina haraka, chungu kiko jikoni. Sikuwa na chungu jikoni. Tangu siku hiyo nasali kwenye kanisa jingine, mbali, la watu wasiojua jina langu.

Unanitaka nije, nitakuja. Unanitaka nisome, nitasoma. Lakini sisimami mbele ya watu kusoma ule ukurasa. Andika nilichokisema asubuhi ile. Si ulichotamani niseme. Nilichokisema. Ukishaliandika hilo, niletee, nami nitapanda basi.

Neola


Efrata, 5 Desemba 1999

Mdogo wangu Neola,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama umenipiga nao. Leo tumewasha nyota ya Majilio kanisani. Ile kubwa ya karatasi, ncha moja imeliwa na panya, Dulcina ameibandika kwa gundi ya unga. Walinibeba kwa kiti ili nikaione. Matarumbeta yalipiga vibaya, kama kila mwaka, na watu wakalia, kama kila mwaka.

Kuhusu ulilouliza. Nina miaka themanini na mitatu. Kama nimekosea neno moja au mawili, mtu mzima angenielewa. Huko nyuma nimefundisha watoto wengi, na ninajua kwamba mtu hakumbuki sentensi, hukumbuka maana. Maana ya ulichokisema ilikuwa shukrani. Na nisamehe kukukumbusha, wewe mwenyewe siku zile hukuwa na afya. Ulikuwa na homa. Pengine anayekumbuka vibaya si mimi.

Yule mwanamke wa Limón ananisikitisha. Lakini kwa kila mmoja kama yeye, najua kumi walioinuka kitandani kwa sababu ya ukurasa ule. Mzee mmoja wa ng'ambo ya rasi aliacha pombe. Niwanyang'anye? Niseme nini, kwamba siku ile haikuwa na neno jema ndani yake?

Mchungaji ameshapeleka kurasa za mwanzo kwa mchapaji Bluefields. Anasubiri zilizobaki. Njoo tu, Neola. Mambo haya tutayazungumza tukiwa tumekaa, na chai mbele yetu.

Arvilla


Puerto Limón, 14 Januari 2000

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Kasuku amekufa. Mama mwenye nyumba analia kama amefiwa na mume, nami sijamwambia ataje kitu.

Homa? Sikuwa na homa. Kama umesahau, nitakukumbusha mimi, kuanzia juzi yake.

Upepo ulipokuja tulikuwa wote kanisani. Orlin alitoka kwenda kufunga boti za wenzake. Walimpata kwenye mikoko. Nilikuomba kitu kimoja tu, alale karibu na Mama, kwa kuwa Mama ndiye aliyemlea nikiwa kazini, na alikuwa amekufa mwaka mmoja tu kabla yake. Ukasema, "Utaratibu ni utaratibu, Neola. Wanaume upande wao." Kijiji hakina paa hata moja, kanisa limejaa tope, lakini utaratibu haukulowa. Akalazwa kando ya mzee ambaye hakuwahi hata kumsalimia.

Nyumba yangu ilikuwa imechukuliwa na maji, kwa hiyo nililala kwako, kwenye kitanda cha Mama. Asubuhi ukaingia na kikombe cha chai ya tangawizi na kipande cha mkate wa nazi. Umevaa gauni lililopigwa pasi. Mpaka leo najiuliza makaa makavu uliyapata wapi. Mimi nilikuwa nateremka, nimebanwa na mkojo. Ukakaa ukingoni mwa kitanda, ukaushika mguu wangu.

Ukasema, "Bado, Neola. Taja moja kwanza."

"Dada, niache."

"Moja tu. Hata dogo."

"Niache nikakojoe."

Ukacheka. Ukasema, "Hilo nalo ni la kushukuru, kuna wasioweza."

Ulicheka, Dada. Halikuwa cheko baya, lilikuwa lile lako la darasani, la kumtia moyo mtoto aliyeshindwa hesabu. Na mkono haukuachia. Nilivuta mguu, ukaushika vizuri zaidi, kama mtu anayeshika samaki. Basi nikalisema lile nililolisema. Hapo mkono wako ukaachia, uso wako ukawa mweupe kama mtu aliyemwagiwa majivu. Kwa hiyo ulisikia.

Nilipotoka chooni nilikukuta unatandika kitanda huku unaimba ule ubeti wako mmoja.

Wiki hiyo hiyo nikapanda boti. Ulisimama gatini ukanipungia leso. Watu wakadhani naenda kutafuta kazi.

Maneno unayajua. Usiniandikie tena mpaka uwe umeyaandika.

Neola


Efrata, 20 Februari 2000

Neola mdogo wangu,

Barua hii imenichukua siku nyingi. Naandika mistari michache, mkono unakufa ganzi, Dulcina ananinyang'anya kalamu. Usishangae mwandiko ukiyumba. Nimevimba mpaka mapajani. Chai naihesabu kwa vijiko.

Ulisema: "Nashukuru Mama amekufa, hakuwahi kukuona hivi."

Ndiyo hayo. Yamekaa kichwani mwangu miaka yote bila kupoteza hata herufi. Niliyafunika, lakini sikuyasahau. Na homa hukuwa nayo. Niliiandika ile habari ya homa mchana kweupe, akili zangu zote zikiwa timamu, siku ambayo nilikuwa nimetoka kusoma neno la siku.

Utataka kujua yaligeukaje. Wiki uliyoondoka, wanawake wa darasa waliniuliza unaendeleaje. Nikawaambia, "Neola alishukuru kwa ajili ya Mama." Si ulimtaja Mama? Nikaona sijasema uongo. Mmoja akauliza, "Na kwa ajili ya Orlin je?" Nikasema, "Na kwa ajili ya Orlin pia." Wakalia, wakakumbatiana, watu waliokuwa hawana hata sufuria. Niliona kitu kimewainua. Mwezi uliofuata nikasimulia tena, nikaongeza kunyamaza kwako kabla ya kusema. Krismasi ilipofika maneno yalikuwa yameganda, nami nilikuwa nayasikia kwa sauti yako. Hakuna siku niliyokaa kitako nikaamua kudanganya. Ningekaa nikaamua, labda ningekataa.

Hilo nimelimaliza. Lipo jingine, na hukuniuliza.

Nadhani kwa miaka hii yote umejiambia kwamba furaha yangu ilikuwa ya kuigiza, kwamba nyuma ya mlango dada yako analia kama watu wengine. Ningependa kukupa hiyo faraja. Sina. Asubuhi ile ulipotoka nilitandika kitanda, nikaimba ili mikono itulie. Kisha nikakaa, nikainywa ile chai uliyoiacha na kula ule mkate. Paa lilikuwa limeondoka na jua likaniangukia magotini. Na nikaona raha, Neola. Orlin, niliyemfundisha kusoma kwenye meza hii hii, alikuwa ardhini tangu jana yake. Wewe ulikuwa chooni unalia, nilikuwa nakusikia. Na mimi nikaona raha kama kila siku. Nikaiita neema. Hata leo siwezi kuapa kwamba haikuwa neema. Kila asubuhi nilimwomba Bwana furaha, naye kila asubuhi alinipa, hajanipunja. Kukuona wewe sikumwomba. Ningeomba, angenipa hilo pia, na mkate ule usingepita kooni. Nafikiri nililijua hilo. Nafikiri ndiyo sababu sikuomba.

Nimekuwa mtu mwenye furaha maisha yangu yote, na nakuandikia kama mtu anayekiri ugonjwa.

Mchungaji Rendell alikuja Jumanne. Nikampa ukurasa mpya, wenye maneno yako kama ulivyoyasema na mkono wangu kwenye mguu wako. Alisoma akiwa amesimama. Akakaa.

"Mwalimu, huu hatuwezi kuuchapa."

"Kwa nini, Mchungaji?"

"Vijana wanahitaji kitu cha kushika."

"Mimi nilishika mguu wa mtu. Inatosha."

"Lakini zile desturi zako ni njema! Mimi mwenyewe nazifuata. Mke wangu anazifuata."

"Ni njema. Endelea nazo. Mguu wa mkeo uuache."

Akajaribu kwa upole. Akasema labda tungeweka ule wa zamani, huu mpya tukauhifadhi ofisini kwa heshima. Nikamwambia mimi nimehifadhi vya kutosha. Nikamwambia pia amfikishie mchapaji pole zangu, maana hakitachapwa chochote. Akaondoka bila kunywa kahawa yake, na huyo ni mtu ambaye hajawahi kuacha kahawa.

Dulcina alikuwa jikoni, masikio yamemsimama. Akaja na kitambaa mkononi.

"Mwalimu, kweli ulimshika mguu?"

"Nilimshika."

"Na mimi si ulinifundisha niwafanyie wanangu?"

"Ukawafanyia?"

"Yule mkubwa alinipiga teke la kifua."

"Afadhali yeye," nikasema.

Tulicheka mpaka pumzi ikanikatika, akanipigapiga mgongoni, kisha akaanza kulia, sijui kwa ajili ya nani. Sikumwambia ataje kitu. Ni mazoezi magumu kwangu kuliko yote.

Nimejaribu pia kuacha kutaja mwenyewe. Siwezi. Asubuhi ya jana, kabla sijajizuia, mdomo ulishasema, "Nashukuru barua ya Neola." Barua yenye matusi namna ile.

Ukurasa ulioutaka upo ndani ya bahasha hii, na ile chai na mkate nimeviandika humo pia. Mwingine kama huo upo kwenye habari za maisha yangu, mahali pake, na Dulcina anajua zilipo. Mimi sitakuomba unisamehe. Nikikuomba, nitakuwa nimekushika mguu tena.

Lakini njoo.

Arvilla


Puerto Limón, 9 Machi 2000

Dada,

Barua imefika. Ndiyo, ndiyo maneno yenyewe.

Nilidhani nikiyaona yameandikwa kwa mkono wako nitapumua. Sijapumua. Nimekasirika upya, kwa sababu ulikuwa unayajua wakati wote. Ningekuwa na dada aliyesahau, ningemwonea huruma.

Ile habari ya chai na mkate nimeisoma mara moja, nikaikunja. Sitaisoma tena nikiwa peke yangu. Mbele ya watu nitaisoma, kwa kuwa nimeahidi.

Nimemtafuta yule mwanamke aliyefiwa na mtoto. Amehama, hakuna anayejua ameelekea wapi. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna Neola aliyeweza. Hilo nalo limebaki kwako, Dada, na sijui utalipeleka wapi.

Sare za shule zimeisha, kwa hiyo nitasafiri wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Nitakuja. Nitasoma. Sitaimba. Ukiniona nimeingia, usimshukuru Mungu kwa sauti. Kitanda cha Mama kiache bila kutandikwa, nitalala hivyo hivyo. Na mambo ya kulala jirani makaburini usiyapange, mimi bado sijui nitafia wapi.

Usijaribu kufa kabla sijafika. Nakujua, unapenda kuwahi.

Neola


Ukurasa wa mwisho wa habari za maisha ya Arvilla Cuthbert, ulioongezwa na ndugu yake na kusomwa katika kanisa la Efrata, Alhamisi Kuu, 20 Aprili 2000

Naitwa Neola. Mimi ni mdogo wake. Wengi wenu mmesikia mengi kunihusu, na sasa mmesikia yaliyo kweli, kwa mkono wake mwenyewe. Naona baadhi yenu mmekasirika. Mimi pia.

Utaratibu unanitaka nieleze jinsi alivyoondoka.

Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia, "Umezeeka." Nikamwambia, "Na wewe umevimba." Hakushukuru kwa sauti. Nilimwona akijing'ata mdomo. Kitanda cha Mama kilikuwa hakijatandikwa, na Dulcina ananiambia kwamba hilo lilimtesa kuliko maji ya kifuani.

Tulikaa pamoja siku hizo chache. Nilimwosha, nikamlisha, nikambadilisha. Habari za Orlin hatukuzigusa. Siku moja aliomba abebwe mpaka makaburini, upande wa wanaume. Walimbeba. Akaliangalia jiwe la Orlin, mawe yenyewe ni ya kulala na yote ni sawa, akaangalia ng'ambo kwenye jiwe la Mama, akapima kwa macho. Akasema, "Si mbali." Nikamjibu, "Ni mbali." Akasema, "Ndiyo. Ni mbali." Tukarudi.

Asubuhi ya Jumanne aliamka akataka kushuka kitandani. Nilikuwa nimekaa ukingoni. Nikaushika mguu wake. Sitawaambia nilifanya kwa upendo, hasira ilikuwamo. Mguu ulikuwa mzito na umejaa maji, vidole vyangu vikazama. Nikamwambia, "Bado, Dada. Taja moja."

Akaniangalia. Midomo ikasogea.

Najua mnataka kusikia alisema nini. Dulcina alikuwa mlangoni, na ameshaanza kuwaambia watu kwamba aliona midomo ikitaja jina langu. Dulcina ni mtu mwema na anampenda, ila alikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa karibu.

Hakusema kitu. Nikauteremsha mguu wake mimi mwenyewe, polepole, kwa kuwa sakafu ilikuwa ya baridi. Akakaa hivyo kidogo, kisha akaniegemea, na hakuinuka tena.

Ndivyo alivyoondoka dada yangu. Msimwongezee neno.